Nani Aliziangusha Nyumba za Rue d'Aubagne?

(Hotuba iliyotolewa Mji Mkongwe, Zanzibar, katika mazungumzo ya jioni kuhusu miji ya kale na wakaazi wake. Imepunguzwa kidogo kwa ajili ya msomaji.)

Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa safu ya mbele, mabibi na mabwana: assalaamu alaykum.

Nimealikwa nizungumzie Marseille, na mwenyekiti aliponikaribisha alitaja bandari, jua na timu ya mpira. Yote hayo yapo, na ya mpira nawaachia vijana. Mimi leo nakuchukueni kwenye mtaa mmoja tu, Noailles, na ndani ya mtaa huo tutakaa zaidi katika njia moja inayoitwa rue d'Aubagne, ambako mwaka 2018 nyumba ziliporomoka na kuua watu wanane. Nina jambo moja la kusema, na nitalisema mapema ili anayewahi daladala aondoke nalo. Noailles ni mtaa wa watu wengi, wa kila asili, waliobanana. Kwa miaka mingi wakubwa wa mji waliutazama wingi huo na mchanganyiko huo kana kwamba ndio maradhi yenyewe. Mimi nasema maradhi yalikuwa kwenye mabomba, kwenye boriti na kwenye mafaili ya ofisini. Watu walibebeshwa tu.

Tuanze na ramani. Ukishuka treni katika stesheni ya Saint-Charles, ambayo ni ya mwaka 1848, unateremka ngazi kubwa na kufuata mteremko mpaka Canebière, barabara kuu inayokwenda moja kwa moja hadi Bandari ya Zamani. Kabla hujaivuka uko Belsunce. Ukishaivuka umeingia Noailles. Mitaa yote miwili iko katika wilaya ya kwanza ya jiji, katikati kabisa. Hili ni muhimu, kwa sababu mtu akisikia "mtaa wa wageni Ufaransa" akili yake hukimbilia yale majengo marefu ya saruji nje ya Paris. Marseille nayo inayo, upande wa kaskazini, na huko ndiko wanakoishi wengi. Lakini jambo la pekee la mji huu ni kwamba maskini wake wengine hawajasukumwa nje. Wapo kitovuni. Kutoka rue d'Aubagne hadi ofisi ya meya, pale ukingoni mwa bandari, ni kama robo saa kwa miguu, tena kwa mwendo wa kuzungumza.

Sasa ingieni sokoni. Mlango wa metro unakutoa katikati ya soko la Capucins, lililopata jina kutokana na watawa waliokuwa na nyumba yao hapo zamani. Chini ya miguu yenu, kwa njia, kuna kituo cha tramu kilichochimbwa mwaka 1893, na tramu ya Marseille ni katika chache za Ufaransa ambazo hazikung'olewa zote wakati kila mji ulipokuwa unang'oa reli zake ili kupisha magari. Hapo juu, tangu asubuhi, ni nanaa na kotimiri zilizofungwa mafungu, zeituni za kila rangi kwenye ndoo, pilipili za kusagwa, samaki waliopangwa juu ya barafu. Wenye maduka kutoka Tunisia na Algeria wanauza semolina kwa magunia. Mlango wa pili unakuta muhogo, ndizi za kupika, bamia, viazi vikuu, samaki mkavu. Vijana wamesimama kwenye kona wakinong'ona bei ya sigara za magendo. Na hatua chache kutoka hapo lipo duka la vyombo na vifaa vya nyumbani, Maison Empereur, ambalo limekuwepo tangu 1827, na duka la mitishamba la Père Blaize lililofunguliwa 1815. Bibi wa Kifaransa wa miaka themanini anayetafuta majani ya kikohozi na mama wa Kikomoro anayetafuta kisamvu wanapishana kwenye kijia ambacho mkokoteni mmoja unatosha kukiziba.

Wamarseille wanauita mtaa huu tumbo la mji. Watalii wanaupenda. Wanapiga picha za viungo, wanakula mkate wa moto wa Kitunisia, wanaondoka. Ni wachache wanaonyanyua macho juu ya mabango ya maduka wakaangalia ghorofa ya pili na ya tatu, na huko ndiko tunakokwenda.

Lakini kwanza, watu hawa walifikaje? Nitapita haraka, kwa sababu sehemu hii ya hadithi hupendwa mno kusimuliwa na ile ya mabomba haipendwi.

Marseille ni mji wa bandari tangu Wagiriki walipoweka nanga pale yapata miaka 600 kabla ya Kristo. Karne ya 19 bandari ilipopanuka, wakaja Waitaliano, wakafanya kazi za gatini, viwanda vya sabuni na ujenzi. Msidhani walipokewa kwa maua. Juni 1881 watu wa mji waliwavamia Waitaliano mitaani kwa siku kadhaa. Watu watatu wakafa. Hoja zilizotumika dhidi yao mnazijua: wanakuja wengi mno, wanakubali mshahara mdogo, hawafanani nasi. Leo wajukuu wa Waitaliano hao ndio wenyeji wa mji, na baadhi yao wanazitumia hoja hizohizo kwa wengine. Baadaye miaka ya 1920 wakaja Waarmenia waliookoka mauaji katika dola la Osmani. Wakaja pia Wakorsika, Waalgeria, Watunisia, Wamoroko, Mayahudi wa Afrika Kaskazini, Wasenegali, Wamali.

Na ndugu zetu Wangazija. Hapa naona baadhi yenu mmekaa sawa.

Njia yao ilipita hapa kwetu. Baada ya mfereji wa Suez kufunguliwa 1869, meli za kampuni ya Messageries Maritimes zilitoka Marseille zikateremka Bahari ya Shamu, zikagusa Mombasa na Unguja, zikaendelea Komoro na Madagaska. Wangazija waliajiriwa humo kama mabaharia, wengi wao chini kabisa kwenye matanuri ya kuendeshea meli, kazi ambayo mtu mwenye chaguo hakuichagua. Meli ikifika nyumbani kwake Marseille, baharia anasubiri safari nyingine. Anapanga chumba karibu na bandari. Safari hazikuisha, vyumba havikuisha. Mwaka 1975 Komoro ikapata uhuru, Mayotte ikabaki na Ufaransa. Mwishoni mwa 1976 Wakomoro wakauawa Majunga, Madagaska, na maelfu kurejeshwa visiwani kwa ndege na meli. Miaka iliyofuata wengi waliangalia Marseille, kwa sababu kila familia tayari ilikuwa na mjomba kule. Leo makadirio ya watu wenye asili ya Komoro mjini humo huanzia elfu hamsini na kupanda, na utani wa wenyewe ni kwamba Marseille ni kisiwa cha tano cha Komoro.

Mngazija wa Marseille haachi kuwa mtu wa mji wake. Kuna vyama vya watu wa kijiji kimoja kimoja, na michango yao imejenga visiwani madarasa, misikiti, barabara, na imevuta umeme. Imelipia pia ndoa kubwa, anda, ambayo mtu anaweza kuiwekea akiba nusu ya umri wake. Nimeshawahi kusikia Wafaransa wasomi wakisema fedha hizo zingefaa zaidi kununulia nyumba bora Marseille. Labda. Lakini mtu anayejua kwamba heshima yake iko Moroni au Mbeni, na kwamba Marseille hata akifa atasafirishwa, ana hesabu yake.

Naomba niongeze jina moja. Tarehe 21 Februari 1995, kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Komoro, Ibrahim Ali, alipigwa risasi ya mgongoni upande wa kaskazini wa mji na watu waliokuwa wakibandika mabango ya Front National, chama cha siasa kilichopinga wahamiaji. Alikuwa anakimbilia basi na wenzake, wametoka kwenye mazoezi ya muziki. Ilichukua hadi 2021 barabara ile kuitwa kwa jina lake. Nalitaja kwa sababu linaonyesha maneno yalikuwa yamefika wapi. Ukiwaambia watu kwa muda mrefu kwamba tatizo la mji ni nani anaishi humo, huangalii tena wanaishi ndani ya nini.

Haya. Nyumba.

Nyumba ya kawaida ya Marseille ya zamani ni nyembamba. Mbele ina upana wa mita saba hivi, na kila ghorofa ina madirisha matatu. Wenyewe huziita hivyo, nyumba za madirisha matatu. Inapanda ghorofa nne, tano. Haina kuta zake peke yake pande mbili: ukuta wa kulia ni wa pamoja na jirani, wa kushoto vilevile. Kuta hizo ni za mawe na chokaa. Sakafu zimelala juu ya boriti za mbao, na vichwa vya boriti vimechomekwa ndani ya ukuta wa pamoja. Nyinyi watu wa Mji Mkongwe sina haja ya kuwachorea picha. Badilisheni mbao za kule kwa boriti za mikoko, mawe ya kule kwa matumbawe, mko nyumbani.

Maana yake ni kwamba safu nzima ya nyumba imesimama kwa kuegemeana. Ukuta wa namba 63 ndio ukuta wa namba 65. Mwenye 63 akizembea, anayelala 65 ndiye atakayeona ufa.

Sasa wekeni jambo la pili juu ya hilo. Nyingi za nyumba hizi zilijengwa kabla mji haujawa na maji ya bomba. Kipindupindu kilipoua watu wengi miaka ya 1830, ndipo Marseille ikaamua kuchimba mfereji wa kuleta maji ya mto Durance, na maji hayo yalianza kuwafikia watu mwishoni mwa miaka ya 1840. Nyumba za karne ya 18 kwa hiyo hazikupangiwa bomba wala choo cha ndani. Vyote vikaongezwa baadaye, penye upenyo, mara nyingi upande wa nyuma, kwa mabomba yanayopita ukutani au chini ya sakafu ya mbao. Mwanzo familia moja ghorofa moja. Kisha ghorofa ikakatwa vyumba viwili, kila kimoja na bafu lake. Kila bafu ni kiungo kipya cha bomba, na kila kiungo siku moja kitavuja. Tone likidondoka juu ya kichwa cha boriti kilichofichwa ndani ya ukuta, hakuna anayeona. Mbao inalainika ndani kwa ndani kwa miaka, na chini yake dari ya plasta imepakwa rangi nyeupe na dalali anamwonyesha mpangaji.

Watu wangapi wanalala humo hapo ni suala la pili. Sisemi halina uzito. Kila mtu anayeoga anatumia maji. Lakini boriti kavu inawabeba watu kumi bila malalamiko. Boriti iliyooza haimbebi hata mmoja.

Jambo la tatu ni nani mwenye nyumba, na hapa Mfaransa ana utaratibu wake. Kwa sheria ya mwaka 1965, jengo la ghorofa linaweza kuwa na wamiliki wengi, kila mmoja na chumba au ghorofa yake, na vitu vya pamoja, yaani paa, ngazi, kuta, mabomba makuu, ni vya wote. Wamiliki wanakutana kwenye mkutano wao, wanapiga kura, wanaajiri msimamizi wa jengo. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri kweli. Sasa chukueni jengo la rue d'Aubagne. Mmoja wa wamiliki hakai humo, alinunua kama kitegauchumi na hajapanda ngazi zile siku nyingi. Mwingine hana pesa. Mwingine anayo na hataki. Msimamizi anaandika barua. Ukuta wa pamoja unahitaji kazi ya makumi ya maelfu ya yuro, mkutano unaahirisha, mwaka unapita, makadirio ya gharama yanapanda, mkutano unaahirisha tena. Na kodi inakusanywa kila mwezi, kwa sababu kukusanya kodi hakuhitaji kura ya mtu.

Mpangaji hana sauti katika mkutano ule. Yeye ndiye anayejua mlango haufungi, na yeye ndiye hana kiti.

Kuna wenye nyumba wabaya zaidi ya hao, wanaopangisha kwa makusudi vyumba visivyokalika kwa mtu asiye na karatasi za ukaazi ambaye hatothubutu kushitaki. Wafaransa huwaita wauza usingizi. Hao magazeti yanawapenda, kwa sababu kila hadithi inataka jambazi. Ila ukiangalia kilichotokea rue d'Aubagne, wengi waliosimama mahakamani hawakuwa majambazi wa sinema. Walikuwa watu wa suti.

Tarehe 5 Novemba 2018, asubuhi, muda mfupi baada ya saa tatu, nyumba namba 63 na namba 65 za rue d'Aubagne ziliporomoka kwa pamoja. Namba 67 ikafuata siku hiyohiyo. Namba 63 ilikuwa tupu, imezibwa milango, na ilikuwa mali ya kampuni ya nyumba ya jiji lenyewe. Namba 67 nayo ilikuwa tupu. Watu walikuwa namba 65. Waliokufa ni wanane.

Ukizisoma asili za wale wanane unausoma mtaa wenyewe. Walikuwemo Wafaransa, msichana wa Kiitaliano aliyekuja masomoni, wanaume kutoka Tunisia, Algeria na Senegal. Na mama wa Kikomoro aliyekuwa ametoka kumpeleka mwanawe shule. Mtoto alipona kwa sababu alikuwa darasani.

Siku 18 kabla ya hapo, tarehe 18 Oktoba, wakaazi wa 65 walikuwa wameondolewa. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba wazimamoto waliitwa na mtaalamu wa majengo akaletwa. Akakagua, tena ukaguzi wa haraka, na jioni ileile wakaaji wakaruhusiwa kurudi vyumbani mwao, isipokuwa wa ghorofa ya kwanza. Siku zilizofuata milango iligoma kufunga kwa sababu fremu zilikuwa zinapinda. Nyufa zilipanuka. Wapangaji walipiga simu, wakaandika. Kuna anayejua kuandika barua, alikuwemo. Kuna anayejua Kifaransa fasaha, alikuwemo. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodhani watu wa mtaa ule wanapuuzwa kwa kuwa hawajui kujieleza. Walijieleza.

Manispaa ilitaja mvua. Ni kweli mvua ilikuwa imenyesha sana siku zile. Nanyi mnajua mvua ya Novemba haikuanza 2018. Nyumba zile zilinyeshewa karne mbili.

Tena si kwamba hakuna aliyekuwa na habari. Mwaka 2015 serikali kuu ilikuwa imeletewa ripoti juu ya makaazi ya Marseille, na ripoti ile ilisema watu wapatao 100,000 wanaishi katika nyumba zinazohatarisha afya au usalama wao. Laki moja, katika mji wa watu kama laki tisa. Meya wakati huo, Jean-Claude Gaudin, alikuwa madarakani tangu 1995. Katika miaka hiyo kitovu cha mji kilizungumzwa sana kwa lugha ya kurudisha watu wa namna nyingine, wenye kipato, walipa kodi. Ukisikia kiongozi anazungumza hivyo kuhusu mtaa, elewa kwamba amekwisha kuuona uliopo kama kitu cha kusubiriwa kipite. Na kitu unachosubiri kipite hukitengenezi paa.

Baada ya maafa, watu walitoka. Maandamano ya kuwakumbuka waliokufa yalifanyika tarehe 10 Novemba, maelfu ya watu, na wakati msafara unapita kipande cha roshani ya nyumba nyingine kikadondoka na kujeruhi watu. Mtunzi wa tamthilia angeandika hivyo tungemwambia anatia chumvi.

Kisha ikaja hofu ya maofisi. Kila simu iliyokuwa haipokewi sasa ikapokewa. Wakaguzi wakapita, na amri za kuhama zikatoka kwa mamia. Ndani ya mwaka mmoja watu zaidi ya 3,000 walikuwa wametolewa majumbani mwao, Noailles na kwengineko. Hapa ningependa mkae kidogo, kwa sababu jengo likianguka dunia nzima inaona, lakini kuhamishwa hakuonekani. Unagongewa mlango. Unapewa muda wa kuchukua hati, dawa, nguo za watoto. Mlango unafungwa kwa mnyororo. Unapelekwa hoteli, pengine upande mwingine wa mji, chumba kisicho na jiko, na kesho watoto wanatakiwa wawe shuleni kwao Noailles saa mbili na nusu. Mama wa watoto wanne anapika nini kwa birika la umeme? Na mwenye nyumba mwengine anaendelea kudai kodi, ingawa sheria inasema amri ikitoka kodi inasimama.

Kilichowaokoa wengi hapo ni ule mchanganyiko uliokuwa ukilaumiwa. Wakaazi waliunda jumuiya yao kwa jina la tarehe ile ya Novemba. Walimu, wanafunzi, kina mama wa Kikomoro, wasanii waliopanga vyumba vya bei nafuu, wenye maduka, wote kwenye meza moja. Aliyejua sheria aliwasomea wengine amri zao. Aliyejua lugha alifasiri. Baada ya miezi ya mabishano, mwaka 2019 jiji na serikali kuu vilikubali mkataba wa maandishi wa namna ya kuwapatia makaazi waliohamishwa: hoteli isiwe ya kudumu, na mtu asirudishwe kwenye jengo kabla ya kujulikana ni nani amethibitisha kwamba ni salama. Ni mambo ya kawaida kabisa. Yalihitaji watu wanane wafe.

Kuanzia Oktoba 2019 Noailles ikawekewa pia kibali cha kupangisha. Mwenye nyumba hawezi kumweka mpangaji mpya kabla hajaomba ruhusa na chumba kukaguliwa. Akikaidi, faini yaweza kufika yuro 15,000. Mimi naunga mkono, ila sijidanganyi. Anayekwenda kuomba kibali ni yule mwenye nyumba ambaye ana haya. Yule anayechukua kodi mkononi kwa noti, bila risiti, haombi kitu. Na kibali kinakagua chumba. Ukuta wa pamoja ni wa nani kuukagua?

Kesi ilichukua miaka sita kufika mahakamani. Ilisikilizwa Novemba na Desemba 2024, washitakiwa 16, na hukumu ikasomwa tarehe 7 Julai 2025. Mahakama iliwatia hatiani baadhi ya wamiliki, yule mtaalamu aliyeruhusu watu warudi, na mmoja wa waliokuwa manaibu meya; wengine wakaachiwa. Familia nyingine ziliona adhabu ni nyepesi, na siwezi kuzilaumu. Lakini kwangu mimi, kikubwa cha kesi ile si vifungo. Ni kwamba kwa wiki sita mbele ya hadhara ilielezwa nani alipata barua ipi siku gani na akafanya nini. Mwenye nyumba, msimamizi, mtaalamu, jiji: kila mmoja alikuwa na kipande chake, na kila mmoja alieleza kwamba kipande kile hakikuwa chake.

Hakuna aliyesimama mahakamani akasema nyumba zilianguka kwa sababu kulikuwa na Wakomoro wengi.

Mtaniuliza haya yanatuhusu nini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka hapo Forodhani ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Jumba la fahari, lenye jina duniani, ndani ya mji ulioandikwa kwenye urithi wa dunia tangu 2000. Mbele ya hilo, nyumba ya vyumba vya kupangisha kule Malindi nani ataikumbuka? Mfumo wetu si wa kule. Hapa nyumba nyingi ni za Serikali au za Wakfu, na kuna za urithi zenye warithi waliotawanyika Maskati, Dubai na Toronto. Kule mkutano wa wamiliki haufikii akidi. Hapa mirathi haijagawiwa. Maji yanapita kwenye boriti kwa mtindo uleule. Nami nitawaachia wahandisi waliomo humu waseme zaidi, maana wanajua kuliko mimi.

Lipo la mwisho, na sina jibu lake zuri. Noailles sasa inatengenezwa. Baadhi ya majengo jiji limeyanunua, mengine yametwaliwa kisheria. Kijia kimetandikwa mawe mapya, magari yamepunguzwa, na kiwanja kidogo karibu na pale nyumba zilipoanguka kimepewa jina la tarehe 5 Novemba 2018. Wakati huohuo vyumba vya kupangisha watalii kwa usiku vimeongezeka katikati ya mji, na chumba kilichokarabatiwa hakirudi kwenye kodi ya zamani. Boriti mpya inalipwa na mtu. Ikiwa familia iliyotolewa kwa amri ya hatari itarejea ikute kodi mara mbili, basi jengo litapona na mtaa utaondoka. Wanaharakati wa pale wanadai nyumba zilizonunuliwa kwa fedha za umma ziwe za kupangishwa kwa bei ya umma, humohumo Noailles, si kaskazini kwenye maghorofa. Zipo zilizotengwa hivyo. Kama zitatosha, ni hesabu ya bajeti ya jiji, na bajeti hupigiwa kura kila mwaka, na safari hii wakaazi wanakwenda kukaa ukumbini wakati inapojadiliwa, na watoto wao mapajani.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na kweli maghribi imekaribia. Tuchukue maswali mawili kabla ya kwenda kusali, na mengine tukirudi. Nilimwona mzee pale nyuma alinyoosha mkono nilipotaja Messageries Maritimes. Karibu, mzee wangu.